Fundi Mzito Apanda Ndege na Amplifaya

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Mzito, na uzito wenyewe haukuwa wa mwili, maana mwili alikuwa nao kidogo tu, wa kutosha kuning'iniza shati. Uzito ulikuwa wa kazi zake. Amplifaya iliyotoka mikononi mwake haikubebwa na mtu mmoja. Mteja alikuja na shemeji yake, au alikodi mkokoteni, na watu wakimwona njiani anavyovuja jasho walijua ametoka wapi, wakamwonea wivu.

Karakana yake ilibanwa katikati ya kinyozi na duka la vifuniko vya simu. Ukitaka kuingia ulipunguza tumbo kwanza. Ndani kulikuwa na meza moja, taa yenye shingo ndefu, na spika zilizotobolewa vifua zikiegemea ukuta kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Moshi wa kuchomelea waya ulikuwa umeipaka dari rangi ya chai.

Wateja wake walikuwa na namna yao ya kupima mashine. Hawakuuliza ina wati ngapi, wala transfoma imetoka wapi. Mteja aliinama, akaishika kwa mikono miwili, akainyanyua kidogo, akaguna. Mguno ukitoka chini ya kitovu, biashara imekwisha. Asipoguna, aliirudisha mezani taratibu, akafuta mikono, akasema, "Fundi, nitapita kesho." Kesho hiyo mpaka leo haijafika.

Zamani, alipokuwa anaanza, Fundi aliunda amplifaya moja safi, nyepesi, inayoimba kama ndege. Ikakaa dirishani mpaka buibui akahamia na familia yake. Siku moja, kwa hasira tu, Fundi akakoroga saruji na mchanga, akamimina kwenye kopo la biskuti, akasubiri likauke, kisha akalifunga lile pande la zege kwa bolti chini ya sanduku, mbali na nyaya. Mashine ikanunuliwa kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo hakuna amplifaya iliyotoka pale bila zege lake. Hakuona kama ni utapeli hata kidogo.

"Mimi nauza muziki," alimwambia mkewe. "Uzito nawapa bure."

Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akichunga mchanga, alijibu, "Sawa, fundi. Siku moja utauza nyumba na utawapa amplifaya bure."

Mashine aliyoipenda kuliko zote hakuiuza. Alimtengenezea mama yake mzazi. Bibi huyo alianza kupoteza usikivu wakati bado ana mengi ya kusema, na hapo ndipo penye msiba: alikuwa mtu wa kugombana. Asigombane, asilale. Mwanawe akamuundia sanduku la bati la ukubwa wa jiko dogo la kuokea, likiwa na maikrofoni iliyosimama juu ya shingo ya chuma, na hedifoni mbili nene kama vibakuli. Bibi akizivaa alimsikia paka wa jirani akijilamba. Kila asubuhi aliwasha redio, akaiwekea maikrofoni mbele, akaanza kumtukana mtangazaji wa hali ya hewa, ambaye kwa bahati yake hakuwa na habari.

Zege lilikuwemo humo pia, tena kubwa. Mama alipojaribu mashine kwa mara ya kwanza, aliinyanyua, akaguna, akasema, "Hii sasa umenifanyia kazi ya mtu mzima."

Halafu dada mdogo wa Fundi akamchukua mama akaishi naye, katika mji ambao kwa basi ni safari ya kuota ndevu na kwa ndege ni usingizi mmoja. Mashine akaikataa. "Kaka, hili dubwana lako libaki. Huku nitamnunulia vya kisasa." Akanunua vile vidude viwili vidogo kama maharage, vya kuchomeka masikioni. Vikapiga filimbi. Mama akavitoa, akavitia kwenye glasi yanamolala meno yake ya bandia, na hakuvigusa tena.

Baada ya miezi kadhaa dada akapiga simu, sauti imemkauka.

"Kaka, Mama ameharibika."

"Ameanguka?"

"Hajaanguka. Anakubali kila kitu."

Fundi akaweka chini chuma cha kuchomelea.

"Unasema?"

"Nimeunguza chakula, amekula, ameitikia kwa kichwa. Mume wangu amekaa kwenye kiti cha Mama, Mama kamtazama tu. Jana nikamuuliza kwa ishara kama tuuze cherehani yake. Kaka, ile cherehani. Akaitikia kwa kichwa."

Fundi alitafuta mahali pa kukaa, na kwa kuwa karakana ilikuwa na kiti kimoja na kimekaliwa na redio, alikaa chini. Tangu amfahamu mama yake, hakuwahi kumwona akiitikia kitu kwa kichwa. Alijua maana yake. Mama hasikii, amechoka kuuliza watu wamesema nini, na ameamua kuwaaga wote kimyakimya angali amekaa nao sebuleni.

Mashine ilipaswa kwenda, tena kwa ndege, tena kwa mkono. Kuipakia mizigoni Fundi alikataa. Aliwahi kutuma amplifaya kwenye buti la basi, ikafika inalia kama kopo la misumari.

"Haiingii tumboni mwa ndege," alisema. "Nitaipakata."

"Ipakate, mapaja ni yako," mkewe alisema. "Lakini begi la mkononi lina kipimo chake. Toa hilo zege."

"Mama atajua."

"Mama hasikii, fundi."

"Anasikia kwa mikono. Akiinyanyua ikawa nyepesi atasema siyo yake, na hataivaa. Unamjua."

Mkewe alimjua mkwewe vizuri sana, na alikuwa na makovu ya maneno kuthibitisha.

Kwa hiyo zege likabaki ndani, na kila kingine kilichofunguka kikatoka nje. Waya wa umeme Fundi alijizungushia kiunoni, chini ya shati. Fyuzi za akiba, vifundo na maikrofoni yenyewe vikaingia mifuko ya koti. Hedifoni akavalishwa mkewe shingoni, akaambiwa afanye kama kijana. Ikabaki ile shingo ya chuma ya maikrofoni, ndefu, isiyokunjika. Fundi aliitazama, akaitazama suruali yake, akaiteremsha kwenye mguu wa kulia.

Uwanja wa ndege ulikuwa mweupe na baridi, sakafu inateleza kama sahani iliyooshwa. Dada wa kaunta aliliweka begi kwenye mizani. Namba zilicheza, zikasita, zikatua pembeni kabisa mwa kipimo, kwa unywele mmoja. Fundi akavuta pumzi na kuondoka akichechemea, mguu mmoja unakunjika, mwingine haukunjiki.

"Pole na mguu, mzee," dada wa kaunta alisema.

"Asante, mwanangu. Ni wa tangu asubuhi."

Kwenye foleni ya ukaguzi watu walikuwa wakivua viatu na mikanda, wamekuwa wafupi ghafla, kila mtu anashikilia suruali yake na heshima yake. Fundi alipogeuka nyuma alitamani ardhi ipasuke. Nyuma yake alisimama mwenye ukumbi wa sherehe, mteja wake mkubwa kuliko wote, mtu mwenye tumbo la kutangulia, aliyenunua kwake amplifaya tatu na kuzisifia mji mzima.

"Fundi wangu," akasema mwenye ukumbi kwa furaha, viatu mkononi. "Na wewe unaruka? Kijana wangu mmoja alivunjika kiuno akihamisha ile yako ya tatu. Nikamwambia huo ndio ubora, pona urudi."

"Tunashukuru, mkubwa," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

Mkaguzi alikuwa binti mwenye kofia iliyomzidi kichwa, amekaa mbele ya skrini ambayo mizigo ya watu ilipita uchi. Nguo zilionekana kama moshi wa rangi ya chungwa, vyuma vya bluu, na mtu aliyebeba samaki wa kukaanga alionekana na mifupa ya samaki wake yote. Begi la Fundi likaingia. Mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukaenda mbele tena. Binti akasogeza pua karibu na skrini.

Wakati huohuo Fundi alikuwa akipita kwenye fremu ile ya kupigia kelele watu, nayo ikapiga kelele kama imemwagiwa maji ya moto.

"Mzee, rudi. Una nini mwilini?"

Fundi akaanza kutoa. Fyuzi. Vifundo. Maikrofoni. Akapandisha shati, akajizungusha mara kadhaa kama anacheza, waya ukamtoka kiunoni.

"Na mguuni?"

"Mguuni kuna maradhi."

"Toa hayo maradhi, mzee wangu."

Akavuta kile chuma kutoka kiunoni. Kikaja. Kikaendelea kuja. Foleni nzima ilikifuata kwa macho kuelekea juu. Mkewe alikuwa amegeukia ukutani anasoma tangazo la kuzima moto kwa makini makubwa.

"Ni shingo ya maikrofoni," Fundi alieleza.

"Naona. Shingo haina neno," binti alisema, na alisema kwa upole, jambo lililomtisha Fundi zaidi. "Njoo uone hapa. Hizi nyaya naziona. Hii transfoma. Lakini hapa chini pana kitu cheusi, mashine yangu haioni ndani yake. Ni nini?"

Fundi alitazama ile picha. Kazi yake yote ilikuwa imeanikwa pale, kila waya aliouchomelea, nzuri mpaka akajisikia kulia, na chini yake giza la mstatili.

"Ni… kitako," alisema.

"Kitako cha nini?"

"Cha mashine."

"Kimetengenezwa kwa nini?"

Nyuma yake mwenye ukumbi alikuwa ameacha kuvua soksi. Sikio lake lilikuwa limekua.

"Mzee," binti akasema, "nisipojua ni nini, mashine inabaki hapa. Wewe utaruka, yenyewe haitaruka. Ndege yenu imeanza kuita."

Fundi akaona vitu viwili kwa pamoja. Akaona karakana yake, wateja wanainua mashine na kucheka. Akamwona mama yake kwenye kochi la watu, anaitikia kwa kichwa. Akasema kitu kwa kunong'ona.

"Sijasikia."

"Zege."

"Sema kwa sauti, baba, hapa kuna kelele."

"Zege," Fundi akasema, na ukumbi ule ulikuwa na mwangwi mzuri ajabu. "Ni zege. Saruji na mchanga. Halifanyi kazi yoyote. Linakaa tu."

Mtoto mmoja akauliza kama zege linapanda ndege na tiketi yake.

Binti alitaka kuliona kwa macho. Bisibisi ya Fundi ilikuwa kwenye begi kubwa lililokwishakwenda, kwa kuwa hairuhusiwi mkononi, lakini chini ya meza kulikuwa na sanduku la vitu walivyonyang'anywa abiria, na Fundi alipofunguliwa lile sanduku alisahau kwa muda kwamba ameaibika. Bisibisi za kila aina. Koleo zenye mpini mwekundu. Akachagua moja, akaipima mkononi, akairudisha, akachukua nyingine.

"Mzee, hununui," binti alisema.

Akafungua bolti. Zege likatoka, la mraba, na upande wa chini lilikuwa na maua, kwa sababu kopo la biskuti lilikuwa na maua. Binti akaligonga kwa kucha.

"Hili ni jiwe."

"Ni zege, mwanangu."

"Ndani ya ndege ni jiwe. Mtu akikasirika nalo huko juu je? Linabaki."

Mwenye ukumbi alisogea, soksi moja mguuni. "Fundi. Na zangu mimi?"

"Zina hilo pia, mkubwa."

"Zote?"

"Ile ya tatu ina mawili."

Mwenye ukumbi alilitazama lile pande na maua yake kwa muda mrefu. Fundi alijiandaa kwa kofi. Kisha yule bwana akashusha sauti, akamsogelea sikioni.

"Nilijua," alisema. "Nilijua pana siri. Ndiyo maana besi yake inakanyaga chini hivi. Sasa nikirudi, zile mbili za mwanzo nazo uziongezee."

Fundi akafungua mdomo amweleze kwamba besi haina uhusiano wowote na zege. Mkewe akamkanyaga. Alikuwa na soksi tu lakini alikanyaga vizuri.

Bado binti alitaka kuhakikisha kwamba kilichobaki ni mashine kweli. Fundi akaunganisha nyaya, akachomeka umeme pale walipochomeka birika, akamvalisha hedifoni juu ya ile kofia, akaongeza sauti kidogo. Uso wa binti ukabadilika. Akageuza kichwa polepole kuelekea mlango wa mbali kabisa, ambako mkubwa wa zamu alikuwa akizungumza na mtu, mgongo umewaelekea.

"Anasema mimi ndiye ninayemaliza sukari," binti akasema.

"Inasikia mbali," Fundi alikubali.

"Anasema na majani ya chai." Akasikiliza tena, akavua hedifoni, akazikunja taratibu. "Nendeni salama, mzee. Hii ni mashine."

Ndani ya ndege Fundi aliinua sanduku kwa mkono mmoja akalitia kwenye kabati la juu. Halikugonga hata kidogo. Alikaa akajisikia kama amebeba mashine ya mtu mwingine.

"Atajua," alimwambia mkewe.

"Ajue. Atakasirika."

"Ndivyo ninavyoomba, akasirike."

Walipofika, dada aliwafungulia mlango huku akijifuta uso haraka. Sebuleni mwenye nyumba, mume wa dada, aliinuka kuwapokea, na Mama alikuwa pembeni kwenye kochi, mikono mapajani, amekuwa mdogo. Fundi akapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

Mama alimtazama mdomo, akatabasamu kama mtu anayetabasamia picha, akaitikia kwa kichwa.

Fundi akaiweka mashine mezani mbele yake. Kidogo macho yake yakapata uhai. Akanyoosha mikono, akaishika mashine pande zote mbili, akaweka kiuno tayari kama zamani, akanyanyua. Ikaruka juu mpaka kifuani mwake, kama karatasi. Hakuna mguno. Aliishusha. Fundi alisubiri, shingo ameipeleka mbele kabisa, apigwe hata na maneno mabaya kuliko yote aliyowahi kuyasikia utotoni.

Mama akaitikia kwa kichwa.

Hilo ndilo lililomvunja Fundi. Alichomeka waya, akasimamisha maikrofoni kwenye shingo yake, akamvalisha hedifoni, akafungua sauti. "Mama," akasema. Mama alikuwa anatazama dirishani. Akaongeza sauti. "Mama, ni mimi." Kidole cha Mama kilicheza kidogo kwenye goti, basi. Pengine amesikia, pengine kuna inzi. Fundi akaongeza mpaka kifundo kikagota, akakaa chini, hana la kufanya.

Mlangoni mwa jikoni, mkewe alikuwa amemvuta wifi yake pembeni.

"Zege limebaki uwanjani," alinong'ona. "Usimwambie, atasema siyo mashine yake."

"Zege gani?" akasema Mama.

Mume wa dada, aliyekuwa anajaribu kukaa, akabaki ameinama nusu.

"Nimeuliza, zege gani. Wewe mke wa mwanangu, unanong'ona kama nimekufa. Zege gani?"

"La… la ndani ya mashine, Mama," Fundi alisema. "Nilikuwa nimetia zege. Ili iwe nzito."

Mama akamgeukia polepole, hedifoni zimemfanya kichwa kuwa kikubwa.

"Miaka yote ile," akasema. "Ninafagia, nainua dude hili, mgongo unalia, namwambia kila mtu mwanangu ni fundi wa kweli. Kumbe nabeba ukuta."

"Ndiyo, Mama."

"Usiniambie ndiyo Mama. Nani kakufundisha? Baba yako alikuwa mwongo lakini alidanganya kwa vitu vyepesi. Na wewe," akamgeukia mume wa dada, ambaye alikuwa bado hajaamua akae au asikae, "hicho ni kiti changu, simama. Na wewe binti yangu, chakula kile nilikila kwa huruma. Hata mbwa angeomba maji. Na cherehani hiyo, atakayeigusa mkono utabaki juu yake."

Dada alikuwa amejishika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka kati ya vidole. Fundi alikuwa bado amekaa chini, amechangamka kama mtu anayemwagiwa maji siku ya joto.

Maneno yalimtoka Mama jioni ile nzima, ya miezi yote kwa mpigo, na mashine ilipoteleza mezani kwa wepesi wake kila alipovuta waya akigeuka kumtafuta wa kumgombeza, hilo nalo likawa kosa la mtu.

Asubuhi Fundi alikuwa uani kwa dada yake, ameinama juu ya ndoo na koleo la kuazima, anakoroga. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani ya dirisha alikaa Mama na hedifoni zake, maikrofoni imeelekezwa nje.

"Mchanga umezidi," alisema Mama.

"Haujazidi, Mama."

"Nausikia huo mchanga. Umezidi. Ongeza saruji, na usilibane sana kwa bolti, safari hii nataka niweze kulitoa mwenyewe nikiwa nafagia. Na uache kunung'unika hapo, nakusikia."

Fundi akaongeza saruji.

"Sasa umezidisha," Mama akasema.